Cheti hakichongi mbao

Kila Nanenane, pale viwanja vya Morogoro, hakosi kiongozi wa kusimama mbele ya kijana aliyeunda mashine kwa vyuma chakavu, akapiga naye picha, akampa cheti na kuondoka. Nasema wazi kwamba sifa hizi zimegeuka njia nafuu ya kukwepa wajibu.

Tuitazame mashine ya CNC ya kujiundia nyumbani, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta na kuweza kuhamisha picha ya marehemu babu hadi kwenye ubao wa mninga. Hakuna uchawi ndani yake. Programu huisoma picha nukta kwa nukta: palipo na giza ncha huzama, palipo na mwanga huinuka. Ncha yenye umbo la V inapozama, mfereji hupanuka. Na ni hiyo mifereji mipana na myembamba inayoyafanya macho yetu yaone uso wa mtu. Programu ya kuiendesha mashine, kama GRBL, hupatikana bure. Kinachogharimu ni mota, fito za chuma na mikanda.

Vitu hivyo tunavyo. Vimo ndani ya printa nyingi za zamani, zile ambazo ofisi za umma huzirundika stoo zikisubiri vibali vya kuondoshwa. Mota zake ni dhaifu mno kwa mpingo, lakini zinatosha kuchonga mbao laini na kufundishia.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Ngerengere, na stesheni ipo. Kijana wa pale anaruhusiwa kukata tiketi. Hana karakana ambamo ataifungua mashine, aone kinachoizungusha. Tumemfanya abiria wa teknolojia, kisha tunamlaumu kwa kutokuwa fundi.

Wapo watakaosema kuwa kuchonga picha za harusi ni mchezo, na kwamba viwanda ni jambo zito zaidi. Hawajafikiri vya kutosha. Mashine inayochonga pua na kope za mtu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuchonga kielelezo cha mbao cha kusubia kipuri cha mashine ya kusaga. Wengine wanahofia kwamba mkono wa mchongaji utakufa. Mashine inajua kina tu. Kuchagua gogo, kusoma nyuzi zake na kuamua uso upi unastahili kudumu ni kazi ya mtu.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Sisi tukaliachia wazo hilo liishie kwenye jembe na adhabu ya kufyeka majani.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Kifaa cha umma kilichochakaa kikabidhiwe shule za sekondari, vyuo vya VETA na vikundi vya mafundi, kwa orodha inayobandikwa hadharani. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana iweze pia kukopesha karakana ya pamoja, si pikipiki tu. Na kiongozi atakayekwenda Nanenane ijayo aache cheti ofisini. Aje na funguo za stoo.