Kuagana na Paka Mzee: Tuamue kwa Kipimo Gani?

Katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, hakuna asiyejua kazi ya paka. Mji huu ni soko kubwa la mpunga na mchele, na palipo na magunia ya nafaka panya hawakosekani. Paka huanza kazi hiyo angali mchanga, na ujira wake ni mabaki ya chakula na mahali pa kulala. Lakini paka naye huzeeka. Akifika umri wa miaka 12 amekwisha kuwa mzee, ingawa wako wanaofika 15 na kuzidi.

Hebu tumfikirie paka wa namna hiyo. Amekonda, manyoya yamesimama, anakunywa maji mengi na kukojoa ovyo pembeni mwa magunia. Aghalabu hutendeka moja kati ya mambo mawili. Ama hutiwa guniani akatupwa mbali, ama huachwa ukumbini afe mwenyewe, wenye nyumba wakisema kwamba Mungu ndiye ajuaye siku yake. Njia ya kwanza twaiita ukatili, na ya pili twaiita huruma. Maoni yangu ni kwamba zote mbili humwacha mnyama peke yake na maumivu yake. Iko njia ya tatu, nayo yaanza na uchunguzi.

Mfugaji wa Kisukuma hasumbuki sana juu ya ng'ombe aliyezeeka. Desturi imekwisha kumwamulia: ng'ombe huchinjwa kabla hajadhoofu mno, nyama ikaliwa na ngozi ikatumika. Paka hatumli, kwa hiyo desturi haikuona haja ya kumwekea siku. Pasipo na desturi, hatuna budi kutumia macho na akili.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Miongoni mwa maradhi ya kawaida ya paka wazee ni kuharibika kwa figo pole pole. Figo huchuja damu kwa vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni. Zikifa nefroni chache, zilizobaki hubeba kazi ya wenzake, na nje haionekani dalili yoyote. Zikipotea kiasi cha theluthi mbili, figo hushindwa kuufanya mkojo uwe mzito. Ndipo paka anapokunywa na kukojoa mno. Zikipotea robo tatu, uchafu huanza kujikusanya katika damu, na mnyama huona kichefuchefu, hukataa chakula na kukonda. Nefroni iliyokufa haifufuki. Hata hivyo, maji na chakula kinachofaa vyaweza kumpa mgonjwa miezi mingi mizuri, na wakati mwingine miaka. Kwa hiyo uzee peke yake si sababu ya kumwua, wala jina la ugonjwa si sababu.

Pili, tujifunze kuyatambua maumivu. Paka huwinda, lakini naye huwindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Kwa asili yake huficha udhaifu. Halii kama mbwa. Huacha kujilamba, huacha kuruka juu ya magunia, hujificha gizani, hukaa amejikunyata. Wala tusidanganyike akikoroma tunapompapasa, maana paka hukoroma hata akiwa katika dhiki.

Hapa natoa onyo. Wako wanaompa paka paracetamol kwa nia njema. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja dawa hiyo. Sumu inayotokea huharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua.

Tatu, tuweke kumbukumbu. Mwaka 2004 daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa kipimo chenye mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na wingi wa siku njema kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali njema kabisa. Jumla ikizidi 35 kati ya 70, maisha ya mnyama yahesabiwa kuwa yangali yanafaa kuendelezwa. Daftari la shule latosha kwa kazi hii. Napendekeza watu wawili wa nyumba moja watoe alama kila jioni, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Anayempenda mno paka huelekea kuzidisha alama, na aliyechoshwa na harufu ya mkojo huelekea kuzipunguza. Baada ya majuma mawili daftari litaonyesha jambo ambalo jicho la siku moja haliwezi kuliona. Hata hivyo hesabu isitutawale: paka anayehangaika kupumua asingojeshwe jumla ya alama.

Siku mbaya zikizidi njema, na daktari akithibitisha kwamba tiba haitamrudishia nafuu, kuendelea kumweka ni kwa ajili yetu, si kwa ajili yake. Hapo ndipo pa kuagana. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Dawa itumikayo mara nyingi ni ya jamii ya dawa za usingizi, iitwayo pentobabitali, kwa kipimo kikubwa: ubongo hulala kwanza, kisha pumzi na moyo husimama. Sumu ya panya haifanyi hivyo; huua kwa mateso. Mzoga uzikwe chini sana, kwa sababu dawa hubaki mwilini na yaweza kumdhuru mbwa atakayeufukua. Aidha, paka aliyebadilika ghafla akawa mkali asishikwe kwa mikono mitupu, maana yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Wako watakaouliza: katika nchi yenye wagonjwa wengi, ya nini kumshughulikia paka? Swali hili ni la haki, na sisemi fedha za dawa ya mtoto zitumike kwa paka. Lakini daftari halina gharama, na kumtupa mnyama porini hakumpunguzii mtu yeyote ugonjwa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtendea mnyama ukatili, na haikumtoa paka katika ulinzi huo.

Ndugu mwalimu, darasa lako la baiolojia linasoma figo kwa michoro ubaoni. Mwulize mwanafunzi mwenye paka mzee nyumbani aanze daftari leo, na amjue bwana mifugo wa kata yake kabla haijafika siku ya kumhitaji. Siku hiyo bado itakuwa ngumu, na kipimo hakitauondoa uchungu wake. Kitakachopungua ni miezi ambayo mnyama angeteseka kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama.