Mambo ya Nyumbani: Oili Inayodondoka Uani

Ninyi mnaokaa Annexe, ile komini inayozizunguka komini nyingine sita za Lubumbashi, mwayajua vema magari yanayotoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Mengi hupita Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa kuume, ingawa katika nchi hii twaendesha upande wa kuume wa njia. Gari la namna hiyo hufika likiwa na umri mkubwa, nalo mara nyingi ndilo linalowalisha watu wa nyumba nzima.

Jirani yetu mmoja alikuwa nalo, akichukua abiria kati ya Kasapa na mjini. Kila asubuhi aliona tone jeusi mchangani, akasema, «Ni kidogo tu,» akaongeza oili. Miezi ikapita. Harufu ya kuungua ikaanza kuingia ndani, abiria wakanung'unika. Ndipo alipotwaa spana, akazikaza boliti za kifuniko cha juu ya injini kwa nguvu zake zote. Moja ikakatika, kipande kikabaki ndani, na gharama ya kukitoa ikapita mara nyingi bei ya gasketi mpya. Wiki ile watoto wake walikula kwa mkopo.

Hakukosa nguvu mtu huyu; alikosa kuijua kazi ya gasketi. Katika kifuniko hicho, gasketi ni utepe wa mpira uliowekwa kati ya vyuma viwili ili oili isipenye. Joto la injini huukausha mwaka kwa mwaka, mpaka unakuwa mgumu na kupasuka. Mpira uliokufa haufufuki kwa kukazwa. Hapana budi kuubadili.

Kwanza tafuteni oili inaanzia wapi. Futeni injini iwe safi, iwasheni kidogo, kisha tazameni mahali palipo juu kabisa penye unyevu, kwa maana oili hutiririka chini na kudanganya macho. Ikiwa yatoka ukingoni mwa kifuniko cha valvu, kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani. Lakini maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, moshi mweupe ukizidi hata injini ikiwa moto, au oili ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, yawezekana imeharibika gasketi kubwa ya silinda hedi. Hapo simamisheni gari, mwiteni fundi mwenye vifaa. Hiyo si kazi ya uani.

Basi, kwa kifuniko cha valvu, ngojeni injini ipoe kabisa, mkatoe waya wa hasi wa betri. Ondoeni koili na mipira iliyo juu yake, mkiweka alama ili kila kitu kirudi mahali pake. Legezeni boliti kidogo kidogo, mkianzia pembeni. Kifuniko kikigoma, kigongeni polepole kwa kipande cha mti. Msikichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu aluminiamu ni laini, na mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili.

Sasa yaja kazi yenyewe, nayo ni usafi. Mfereji wa gasketi na uso wa chuma vifutwe mpaka visiwe na oili wala mabaki, na mchanga usiingie ndani. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huruka kila mahali. Chagueni saa isiyo na upepo. Pachikeni gasketi mpya, mkitia silikoni kidogo pale tu ambapo kitabu cha gari chaagiza. Kisha kazeni boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, kidogo kidogo. Katika magari mengi madogo kipimo chake ni kama nyutoni-mita 10 tu. Spana fupi na mkono mwepesi vyatosha, ila aliye na spana ya kupimia aitumie. Mwisho rudisheni vyote, pimeni oili, washeni, mkatazame tena.

Jambo moja tusilisahau. Oili chafu na vitambaa vilivyolowa visitupwe shimoni wala mtaroni. Katika mitaa mingi ya Annexe watu huchota maji visimani, na kile kinachomwagwa uani chaweza kushuka hata kwenye maji ya kunywa. Tieni oili hiyo katika chupa yenye kizibo, mbali na watoto, mkampe fundi anayeikusanya.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jirani yetu amekwisha kujifunza. Siku hizi, kabla ya kuwasha gari, huinama kwanza akatazama mchanga.