Kazi yako iko mawinguni, lakini je, iko salama?

Ikiwa una mtoto chuoni, au ikiwa wewe mwenyewe u mwanafunzi, neno 'wingu' si geni masikioni mwako. Siku hizi ni nadra kumwona mwanafunzi akitembea na flashi imening'inia shingoni. Kazi yake iko huko juu, atakuambia, na akiwa maktabani au ndani ya matatu ataifungua kwa simu na kuendelea pale alipoachia jana usiku.

Hilo ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na imani tuliyojijengea kwamba kitu kikishafika mawinguni hakiwezi tena kupotea. Mwezi wa Agosti mwaka jana imani hiyo ilitutoa machozi katika familia yetu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akisomea shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Mama alikuwa amechukua mkopo katika chama cha ushirika ili amlipie karo ya mwaka wa mwisho. Utafiti wake ulihusu akina mama wauzaji maziwa, na kwa miezi mitano alirauka kila Jumamosi, akapanda matatu hadi Kinangop kuwahoji. Alirekodi mahojiano 60 kwa simu yake. Kila jioni faili hizo zilipanda zenyewe hadi kwenye akaunti aliyopewa na chuo, na kutoka huko zikashuka katika laptopu yake. Kisha akazifuta kwenye simu na kulala usingizi mnono.

Laptopu hiyo, ambayo ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake, ilianza kulalamika kwamba imejaa. Mwenzangu akaitazama ile folda ya mahojiano na kujiambia, "Si hizi ziko mawinguni?" Akaifuta yote. Nafasi ikapatikana, naye akaendelea kuandika sura ya nne kutokana na maelezo aliyokuwa ameyanakili daftarini.

Siku 41 zilipita. Ndipo msimamizi wake alipomwambia asikilize tena mahojiano fulani kwa sababu nukuu moja haikumridhisha. Alifungua akaunti, folda haikuwepo. Alifungua pipa la taka. Pipa lilikuwa tupu. Alifika kwangu Donholm saa tatu usiku bila hata kupiga simu, akasimama mlangoni na kusema, "Dada, masomo yangu yamekwisha."

Nitakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia akilini halikuwa masomo yake. Lilikuwa uso wa mama.

Je, faili zilikwenda wapi? Hapa ndipo wengi wetu hutatizika, maana tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni kuhifadhi, yaani kuweka kitu mahali kikae. La pili ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kwamba kilicho huku na kilicho kule vinafanana daima. Chukua mfano wa mwenye maduka mawili, moja Gikomba na jingine Kawangware, anayetaka daftari zake za madeni zilingane. Kila karani wa Gikomba anapoandika jina, humpigia simu mwenzake wa Kawangware naye akaandika jina lilo hilo. Vizuri sana. Lakini siku karani wa Gikomba anapochana ukurasa, yule wa Kawangware naye huchana wake. Haulizi kwa nini. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Programu ya kusawazisha iliyomo ndani ya laptopu yako ni karani wa aina hiyo. Huikodolea macho folda moja mchana na usiku. Ukiongeza neno, hulipeleka kwenye seva, na kutoka huko likafika kwenye simu yako. Ukifuta faili, hupeleka habari za kifo chake. Mdogo wangu alidhani anafuta nakala moja kati ya mbili, kumbe alikuwa akitoa amri ya kufuta zote.

Na hilo wingu lenyewe si wingu. Ni kompyuta zilizopangwa safu kwa safu ndani ya majengo makubwa, na majengo hayo huungua kama mengine. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la namna hiyo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu.

Inafaa kukumbuka kwamba mambo haya yote yalianzia vyuoni. Katika miaka ya 1980 chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, kikishirikiana na kampuni ya IBM, kilibuni mfumo uliomwezesha mwanafunzi kuketi mbele ya kompyuta yoyote chuoni na kukuta faili zake zikimsubiri. Mwaka 1996 Andrew Tridgell, aliyekuwa akisomea uzamifu huko Australia, alitoa pamoja na Paul Mackerras programu iitwayo rsync. Hiyo hulinganisha faili mbili zilizo mbali na kutuma tu vile vipande vilivyobadilika. Mwanafunzi anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo: ukirekebisha ukurasa mmoja, mbona ulipie kurasa 200? Kisha kuna kisa cha Drew Houston, mhitimu wa MIT, ambaye husimulia jinsi alivyopanda basi kutoka Boston kwenda New York akakumbuka kwamba flashi yake ameisahau. Hasira za safari hiyo zilizaa Dropbox, aliyoianzisha na Arash Ferdowsi mwaka 2007. Google Drive ilifuata mwaka 2012.

Usidhani pia kwamba ni wanafunzi tu wanaoteleza. Mwezi wa Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza TB 77 za data za utafiti zilizokuwa katika kompyuta yake kuu. Faili zipatazo milioni 34 za makundi 14 ya watafiti zilifutika. Na kilichozifuta ni nini? Ni programu ya kuweka nakala za akiba! Ilikuwa imefanyiwa marekebisho yenye hitilafu, nayo ikafuta faili ambazo hazikupaswa kuguswa. Kwa makundi manne kati ya hayo 14, hakukuwa na nakala ya kuwarejeshea.

Basi turudi kwa mdogo wangu. Asubuhi yake nilimsindikiza hadi idara ya kompyuta ya chuo chake. Tulimkuta kijana mmoja mpole aliyetusikiliza huku akinywa chai. Hakumlaumu. Aliuliza swali moja tu: "Ulifuta tarehe gani?" Mdogo wangu akataja tarehe. Kijana akahesabu kwa vidole, akaweka kikombe chini, akaanza kubofya. Mnamo saa sita hivi za mchana mahojiano 60 yalikuwa yamerejea, yote, hata lile ambalo ng'ombe analia mwanzo hadi mwisho. "Ungekuja baada ya wiki mbili," alisema, "ningekupa pole tu."

Kijana yule alikuwa akihesabu nini? Hili ndilo jambo ninalotaka ulikate na kulibandika ukutani, kwa sababu wengi hawalijui. Katika Google Drive, faili uliyofuta hukaa kwenye pipa siku 30, kisha huondoka yenyewe. Hapo wewe mwanafunzi huwezi kufanya lolote. Lakini ikiwa akaunti ni ya chuo, msimamizi wa akaunti hizo huko idara ya kompyuta ana siku 25 zaidi za kuirejesha tangu ilipotoka kwenye pipa. Jumla ni siku 55. Katika OneDrive ya chuo au ya kazini, muda wa kawaida ni siku 93. Dropbox ya bure hukupa 30. Kwa hivyo ukigundua kwamba kazi imepotea, usikae chumbani ukilia na usikimbilie kwa fundi wa mtaani. Nenda idara ya kompyuta siku hiyo hiyo na uwe na tarehe mkononi.

Na ikiwa laptopu imejaa? Huduma hizi zina chaguo la kuondoa nakala iliyo katika laptopu na kubakiza ile ya mtandaoni. Faili itaendelea kuonekana kwa jina, ila haitakula nafasi. Tafuta chaguo hilo kwanza, na kama hulioni, muulize anayejua. Kufuta ni neno jingine kabisa.

Kuna mtego mwingine ambao wazazi hawauoni. Ile akaunti ya chuo si mali ya mtoto wako. Kwa miaka mingi Google ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo, bure, navyo vyuo vikajaza bila kuhesabu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba sherehe imekwisha: kuanzia Julai 2022 kila chuo kingepewa TB 100 za kugawana. Zinasikika nyingi. Lakini chuo chenye wanafunzi 50,000 kikizigawa sawasawa, kila mmoja anapata GB 2, na hapo hatujamhesabu mhadhiri hata mmoja. Si ajabu basi kwamba vyuo vingi duniani vimeweka vipimo, na baadhi vikaanza kuzifunga akaunti za waliohitimu. Mhitimu hupata barua pepe ya kumwonya. Lakini barua hiyo huja kwenye akaunti ile ile ya chuo, ambayo yeye aliacha kuisoma siku aliyovua joho.

Kwa hivyo hamisha vitu vyako mapema, ungali na ufunguo. Google ina huduma iitwayo Takeout ya kupakua kila kitu kwa pamoja, maadamu chuo chako hakijaizima. Akaunti ya kawaida ya bure hukupa GB 15, ila kumbuka kwamba barua pepe na picha zako zinakula sahani hiyo hiyo.

Wapigapicha wana kanuni yao ambayo mara nyingi huhusishwa na Mmarekani Peter Krogh: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa mwanafunzi wa Kenya hilo si gharama kubwa. Moja iko katika laptopu, moja iko mawinguni, na ya tatu iko ndani ya flashi iliyolala kwenye kabati la mama huko nyumbani, ikibadilishwa kila mwisho wa muhula. Flashi hiyo haisawazishwi na chochote. Ukikosea huku, yenyewe haina habari. Watu wa hosteli wanajua pia kwamba laptopu na flashi zikikaa ndani ya mkoba mmoja, mwizi hubeba zote mbili.

Dokezo dogo kwa wanaotumia kompyuta za saiba kuchapisha kazi: ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Anayeketi baada yako anaweza kufuta kila kitu, na karani wetu wa Kawangware atachana tu ukurasa.

Mdogo wangu alihitimu. Barua pepe ya kumwarifu kwamba akaunti itafungwa ilipokuja, aliiona kwa sababu nilikuwa nimemsumbua kila juma aichungulie. Tulikaa mezani kwangu Jumapili nzima tukinakili. Mahojiano yote 60 hayakuzidi GB 3. Flashi tulimpelekea mama, tukamweleza ni kitu gani na kwa nini akae nacho. Alisikiliza kwa subira, kisha akataka kusikia sauti zenyewe, kwa kuwa ndizo alizokopea pesa. Tukamfungulia mawili. Katika la pili mama mmoja wa Kinangop anataja bei aliyokuwa akiuzia maziwa yake, na mama yetu akaruka kitini. "Huyo alikuwa akiibiwa," akasema. "Hebu rudisha nyuma nisikie tena."