Mnyonge Mchoreni, Haki Yake Mpeni

Ndugu msomaji, wako wenzetu wengi wanaoshikilia ati picha nzuri ni lazima iwe ya kitu kizuri: waridi, machweo ya jua, binti mrembo au mfalme juu ya farasi. Ukiwachorea mzee wa matambara akiponda kokoto watakuuliza, "Sasa hii nayo ni picha gani, bwana?" Mimi nasema wamepotoka, na shahidi wangu ni Gustave Courbet, mchoraji wa Ufaransa.

Courbet alizaliwa mwaka 1819 huko Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, katika jamaa ya wakulima wenye mashamba yao. Alikwenda Paris mwaka 1839. Inasemekana baba yake alitaka asomee sheria, lakini kijana alichagua brashi. Msimamo wake ulikuwa mmoja: mchoraji achore anachokiona kwa macho yake. Malaika, alisema, hakuwahi kumwona, basi amchoreje? Huo ndio uhalisia.

Mwaka 1849 aliwaona watu wawili wakivunja mawe kando ya barabara. Akawaomba waje kwake awachore. Katika picha hiyo, mzee amepiga goti, nyundo mkononi, kofia imemfunika uso. Kijana ametupa mgongo, ameinua karai la mawe, shati limepasuka. Nyuso zao huzioni vizuri, lakini uchovu unauona, tena sana! Hakuna rangi za kubembeleza macho. Courbet alipenda rangi nzito za udongo, na mara nyingi aliipaka kwa kisu kama fundi anayepiga plasta. Picha yenyewe iliangamia mwaka 1945 wakati wa vita, huko Ujerumani. Tumebakiwa na nakala tu.

Lakini kilichowaudhi wakubwa hasa ni ukubwa. Zamani zile kitambaa kikubwa cha kuchorea kilikuwa cha wafalme, vita na visa vitakatifu. Maskini, kama alichorwa, alipewa kipande kidogo, tena achekeshe. Courbet akachora mazishi ya kawaida ya kwao Ornans kwenye kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita 6 na kimo cha zaidi ya mita 3! Humo mna watu zaidi ya 40, wenye vimo vyao halisi: padri, wachukuzi wa jeneza, akina mama wanaolia, hata mbwa. Paris ikachachamaa. Ati ameleta ubaya katika sanaa!

Ubaya gani, jamani? Kwa maoni yangu, Courbet alisema jambo moja tu: mtu wa kijijini akifa, msiba wake si mdogo kuliko wa mfalme. Kama kifo kinawapima sawa, kwa nini mchoraji awapunje?

Simfanyi Courbet mtakatifu. Alikuwa mwenye majivuno, na alijichora mwenyewe mara nyingi mno. Lakini gharama ya ukaidi wake aliilipa. Mwaka 1855 baadhi ya picha zake kubwa zilipokataliwa katika Maonyesho ya Paris, alijenga banda lake karibu na hapo akazionyesha mwenyewe. Baada ya maasi ya Paris ya mwaka 1871 alifungwa miezi sita, kisha akadaiwa zaidi ya faranga 323,000 za kujenga upya mnara ulioangushwa na waasi. Alikimbilia Uswisi mwaka 1873, akafia huko tarehe 31 Desemba 1877, siku moja kabla ya kulipa fungu la kwanza.

Sasa wanachama wenzangu, tuziangalie insha zetu. Si zimejaa majumba ya kifahari, magari ya bei na wasichana wenye macho ya gololi? Mpishi anayeamka alfajiri kutukorogea uji yuko wapi? Mama anayeponda kokoto juani, zile zile zilizojenga madarasa haya, nani amemwandikia hata aya moja? Tukimtaja, tunamtaja ili tumwonee huruma kidogo, kisha tunaendelea na safari.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki mojawapo ni kutazamwa vizuri. Basi shika kalamu, ndugu yangu, umwandikie. Na usimpe kipande kidogo cha karatasi. Mpe ukurasa mzima.