Mnyororo si dawa: tunataka matibabu ya akili hapa Kapolowe

Ndugu vijana wa Kapolowe, wa Likasi na wa Haut-Katanga yote,

Mumetuzoea tukisema juu ya barabara, umeme na maji. Leo tunasema juu ya mnyororo.

Mwenzetu mumoja, mutu ambaye tulifanya naye salongo sokoni na kutembea naye katika maandamano, alianza kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Halali, hali chakula, anasema watu wa redio wanamtaja jina. Mtaani hawakukawia: "Balimuloga ule." Familia ikamupeleka kwenye chumba kimoja cha maombi. Akakaa huko wiki nyingi, mguu umefungwa na mnyororo. Mwishowe mjomba wake alikopa makuta, wakashuka naye Lubumbashi kwa daktari.

Huko alipewa jina la ugonjwa wake, dawa, na watu wa kumusikiliza. Akarudi anacheka. Lakini dawa ziliisha, na hapa karibu hakuna pa kuzipata. Safari ya kwenda na kurudi Lubumbashi inakula makuta ya chakula cha nyumba nzima. Sauti zikarudi. Mnyororo nao ukarudi.

Tuseme ukweli: ugonjwa haukumushinda. Alipona kabisa nusu ya njia, kisha njia ikakatika. Kupona akili kunahitaji mambo ine, na moja likikosa, mengine yanayumba.

La kwanza ni kujua jina la ugonjwa. Malaria kali inaweza kuchanganya akili ya mutu. Pombe pia. Kifafa nacho watu wanakiita mapepo. Kila kimoja kiko na matibabu yake, ndiyo maana lazima mutu apimwe na mwenye kujua. Na jina likipatikana, ni la ugonjwa, si la mutu. Mwenzetu si "kichaa wa avenue ya tatu". Iko na jina lake alilopewa na mama yake.

La pili ni dawa. Dawa za depresioni zinachukua wiki kadhaa mbele ya kuonyesha kazi, na wengi wanaziacha siku ya kumi wakisema hazifanye kitu. Dawa za kutuliza sauti, kama haloperidoli, zinaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Mutu akiona vile, anatupa vidonge kwenye choo. Angekuwa na infirmye karibu, angeambiwa: tupunguze, au tubadilishe. Kukata dawa gafula njo kunarudisha wengi pale walipotoka.

La tatu ni mazungumzo ya matibabu. Hapa tunasikia: "Ile ni mambo ya wazungu." Hapana. Katika Kivu zote mbili, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulifuata akina mama waliobakwa wakati wa vita. Wamoja walipata matibabu ya mazungumzo katika kikundi, wengine walisaidiwa mumoja mumoja. Waliowaongoza walikuwa Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo, si madokta. Miezi sita baada ya matibabu, wale waliobaki na alama za depresioni ao wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine. Ni hapa hapa katika inchi yetu.

La ine ni wenzako. Kule Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alifundisha bibi wa mtaa kukaa kwenye benchi karibu na sentre ya afya na kusikiliza watu wanaolemewa na mawazo. Baadaye wengi wanaingia katika vikundi vya wenzao, wanafuma mikoba, wanauza, wanaulizana hali. Mutu aliyepitia anajua swali la kuuliza. Anajua pia wakati wa kunyamaza.

Lakini tusidanganyane. Kikundi hakiandiki dawa. Benchi haipimi malaria. Leta isije ikatuambia "vijana mujisaidie" ili ijitoe kwa kazi yake. Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Haisemi afya ya tumbo na miguu tu.

Elimu iko katika inchi: Lubumbashi kuko sentre Joseph Guislain ya mabruda wa Frères de la Charité, Bukavu kuko Sosame. OMS nayo, tangu mwaka 2008, iko na programu ya mhGAP ya kufundisha mainfirmye na madokta wa kawaida kutibu magonjwa haya pahali hakuna daktari wa akili. Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa afya wa jimbo na wa territoire:

– kila zone ya afya ipate infirmye aliyefundishwa mhGAP;
– dawa za akili na za kifafa ziletwe kila mwezi, kwa bei ya mutu wa hapa;
– mutu yeyote asifungwe tena mnyororo kwa sababu ya ugonjwa.

Kwa bapasta na bamama wa maombi: sisi pia tunaomba Mungu. Ombeeni mgonjwa, lakini mufungue mguu wake na mumuache anywe dawa.

Na sisi? Wengi wetu tuko na diplome na tuko bashomeri. Tunajua usiku wa kuangalia dari paka asubuhi. Tutakutana kila Jumamosi, kukaa na wagonjwa na familia zao, kukumbushana dawa, kusindikizana kwa daktari. Ukisikia mwenzako anasema amechoka na maisha, usimucheke, usimuambie "jikaze". Kaa naye, musiachane usiku ule, na kesho yake umupeleke kwa muganga.

Mwenzetu sasa iko nyumbani, bila mnyororo. Tulichanga franka kwa franka, tukanunua dawa za mwezi mumoja. Vidonge vimebaki kumi na moja. Tunauliza wenye kuchaguliwa kwa kura zetu: siku ya kumi na mbili, ni nani atamupa dawa?