Moto wa Novoli na mtakatifu kutoka Misri

Msomaji, Januari unaijua. Ni mwezi wa jua la utosini, karo za shule na mifuko iliyotoboka baada ya Krismasi. Aliye Nairobi hutafuta kivuli, naye aliye Mombasa huomba kaskazi ivume japo kidogo. Leo nataka unifuate hadi mahali ambapo, mwezi uo huo, watu hutembea wakiwa wamejifunika makoti hadi masikioni, na mji mzima hushughulika kupanga rundo la kuni lenye kimo cha jengo la orofa nane. Kisha usiku mmoja wanalitia moto.

Chukua ramani ya Italia, ile nchi yenye umbo la buti. Kwenye kisigino cha buti ndipo ulipo mkoa wa Puglia, na humo, kilomita chache kutoka mji wa Lecce, kuna mji mdogo uitwao Novoli. Wakazi wake ni kama elfu nane hivi. Kwetu hao hawajazi hata mtaa mmoja wa Eastlands. Waitaliano tuliowazoea sisi ni wale wa Malindi, wenye kaptura na ngozi zilizobabuliwa na jua. Hawa wa Novoli ni watu wa shamba. Maisha yao kwa vizazi vingi yameshikana na mizabibu na mizeituni.

Rundo lenyewe huitwa Fòcara. Hujengwa kwa matita ya vitawi vya mzabibu, vile vinavyokatwa wakati wa kupogoa. Tita moja huwa na vitawi kama mia mbili, na matita yanayohitajika ni 80,000 au zaidi. Fanya hesabu hiyo wewe mwanafunzi uliyeketi hapo na kalamu: ni vitawi milioni 16. Likikamilika, rundo hufika mita 25 kwenda juu na mita 20 upana wa chini.

Kwa desturi kazi ya kupanga huanza Januari 7. Hapo ndipo ningependa utazame kwa makini, kwa maana mimi huona kujenga kunapita kuchoma. Ngazi ndefu za mbao huegemezwa kwenye rundo, na wanaume husimama juu ya vidato, mmoja juu ya mwingine, toka chini hadi kileleni. Tita hutoka mkononi mwa huyu likaingia mkononi mwa yule, likapanda kama ndoo za maji wakati nyumba inaungua, ila hapa wanaopokezana ndio wanaotayarisha moto. Hakuna saruji wala matofali. Tita lililopangwa vibaya chini laweza kuliinamisha rundo zima, kwa hiyo wajuzi wa kupanga wanaheshimiwa sana, na ujuzi wao ni wa kurithishana, baba kwa mwana. Miaka mingine huacha njia katikati ya rundo, kama pango, na maandamano ya mtakatifu hupita humo ndani. Januari 16 asubuhi hupandishwa kileleni sanamu au bendera ya mtakatifu pamoja na matawi ya mchungwa yenye machungwa yake. Alasiri wanyama huletwa kubarikiwa: farasi, mbwa, hata paka aliyebebwa kikapuni. Usiku ukiingia, fataki hurushwa na rundo huwashwa.

Je, ni mtakatifu gani huyo anayepewa heshima ya moto? Ni Antoni. Lakini ngoja kwanza. Wakatoliki wengi wa hapa kwetu wakisikia Mtakatifu Antoni humfikiria Antoni wa Padua, yule anayeombwa mtu akipoteza ufunguo wa nyumba, na ambaye sikukuu yake ni Juni 13. Huyu siye. Msimamizi wa Novoli tangu mwaka 1664 ni Antoni Abate, mzee wa ndevu nyeupe mwenye fimbo, kengele na nguruwe miguuni. Huyu ni Mwafrika mwenzetu. Alizaliwa Misri yapata mwaka 251.

Habari zake ziliandikwa na Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyeishi wakati wake. Wazazi wa Antoni walikuwa na mali na mashamba. Walipofariki yeye alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, ameachiwa dada mdogo wa kulea. Siku moja aliingia kanisani akakuta yanasomwa maneno ya Yesu kwa yule tajiri, kwamba auze alicho nacho awape maskini. Wengi wetu husikia maneno hayo, tukasema amina, tukaenda zetu kula chakula cha mchana. Antoni aliyachukua kama yalivyosemwa. Aligawa mashamba, akamweka dada yake kwa wanawake waliojitolea kwa Mungu, kisha akaenda kuishi peke yake jangwani. Huko, asema Athanasio, mashetani walimjia kwa sura za wanyama wakali, wakampiga hadi akalala kama maiti. Hakurudi nyumbani. Alikufa mwaka 356, na mapokeo yanasema alikuwa na umri wa miaka 105. Monasteri yenye jina lake ingali ipo katika jangwa la Misri upande wa Bahari ya Shamu, na watawa wangali wanaishi humo.

Ukipita Barabara ya Ngong hapa Nairobi utaiona hospitali ya Wakopti. Hilo ni kanisa la kina Antoni. Watawa wa Kikopti humhesabu kuwa baba yao, na sikukuu yake kwao huwa Januari 30.

Sasa utauliza, mtu wa jangwani ambako hata kuni za kupikia ni za shida ameingiaje katika mambo ya moto na nguruwe? Kisa hicho kilianzia Ufaransa. Mwishoni mwa karne ya 11 palizuka huko ugonjwa wa kutisha. Mtu alihisi mikono na miguu ikiungua kana kwamba imetiwa kwenye makaa, ngozi ikageuka nyeusi, vidole vikakatika vyenyewe. Wengine walipagawa na kuona vitu visivyokuwapo. Watu waliuita moto wa Mtakatifu Antoni, kwa sababu wagonjwa walikimbilia mahali palipoaminika kuwa na mifupa yake. Shirika la watawa liliundwa kuwahudumia. Watawa hao walifuga nguruwe, na nguruwe wao waliruhusiwa kuzurura mitaani wakila makombo, wakiwa wamevishwa kengele shingoni ili wajulikane ni wa nani. Mafuta ya nguruwe hao yalipakwa kwenye vidonda. Basi ndipo alipopata nguruwe, na kengele, na sifa ya kuwa bwana wa moto na mlinzi wa mifugo.

Chanzo cha maradhi hayo kilikuja kujulikana baadaye sana: ni kuvu inayoota juu ya nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano. Maskini walikula mkate wa rai yenye kuvu, nao ukawala wao. Usidhani ni hadithi ya Wazungu wa kale tu. Mwaka 2004 hapa Kenya watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu nyingine, iliyoota kwenye mahindi, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui. Na kwa wanafunzi wa sayansi nitaongeza hili: kutokana na kuvu ile ile ya rai madaktari walipata dawa ya ergometrini, ambayo imewaokoa kina mama wengi waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua.

Lakini watoto hawatataka kusikia habari za kuvu. Wao wasimulie ile ngano inayopendwa sana kisiwani Sardinia. Zamani, wanadamu hawakuwa na moto, na baridi iliwaua. Antoni akaenda kubisha mlango wa jahanamu. Mashetani walipochungulia wakamwona mtakatifu, wakakataa kata kata kumfungulia. Nguruwe wake, hata hivyo, waliona hana neno, wakamruhusu aingie. Lahaula! Nguruwe akapindua vyungu, akatawanya kuni, akawakimbiza mashetani huku na huko hadi wakamwomba mzee aje amchukue mnyama wake. Antoni akaingia polepole, akaiegemeza fimbo yake kwenye moto kidogo tu, akatoka na nguruwe. Ncha ya fimbo ilikuwa inafuka ndani kwa ndani. Alipofika duniani akaipuliza, na wanadamu wakapata moto.

Mioto ya usiku wa Januari 16 imeenea sehemu nyingi za Italia na Hispania, si Novoli pekee. Katika kijiji cha San Bartolomé de Pinares, jimbo la Ávila huko Hispania, wapanda farasi hupita na farasi wao katikati ya ndimi za moto, kwa imani kwamba moshi huwakinga na maradhi. Wenyeji husema farasi haungui, kwani mkia husukwa na mwili hutiwa maji. Watetezi wa wanyama wanalalamika kila mwaka. Mimi niko upande wa farasi. Hakuna aliyemuuliza.

Novoli nako hakukosi wanaonung'unika. Kuna wanaotazama kuni za siku tisa zikiisha usiku mmoja wakasema huo ni ufujaji, na moshi juu yake. Kwa mama wa Kenya anayenunua makaa kwa mkebe, neno hilo lina uzito. Ila kumbuka kwamba vitawi hivyo lazima vikatwe kila mwaka, mtu akitaka asitake, la sivyo mzabibu hauzai vizuri. Zamani viliwasha tanuri za mkate. Tanuri hizo zikipungua, vitawi vinabaki.

Hatari yenyewe, kwa maoni yangu, iko shambani, na haina kelele. Kuanzia mwaka 1988 Jumuiya ya Ulaya iliwalipa wakulima fidia wang'oe mizabibu, kwa sababu mvinyo ulikuwa umezidi sokoni. Katika kisigino kile cha Italia mashamba mengi ya mizabibu ya kale, ile mifupi isiyoegemezwa waya, yaling'olewa. Mwaka 2013 ukagunduliwa ugonjwa wa mizeituni uitwao Xylella, ambao umekausha miti kwa mamilioni katika eneo hilo hilo, na mkulima aliyepoteza mizeituni ana sababu moja zaidi ya kumwambia mwanawe atafute kazi mjini. Mashamba yaliyobaki nayo yamepata mashine. Trekta husagasaga vitawi papo hapo na kuviacha viwe mbolea. Ni jambo la busara kwa udongo, siwezi kulilaumu. Lakini tita halifungwi na trekta. Linahitaji mtu ainame kwenye baridi, akusanye vitawi, avifunge, na hayo mara 80,000.

Watazamaji hawajapungua hata kidogo. Wageni huja kwa maelfu, wengine kwa treni kutoka Lecce, na siku hizi kuna jukwaa la muziki na kamera za kila namna. Kumpata kijana wa kupiga picha moto ni rahisi. Kumpata wa kusimama kwenye kidato cha ishirini cha ngazi, akipokea tita kutoka chini na kulipitisha juu kutwa nzima, hilo ni jambo jingine, na wazee wanaojua tita gani likae wapi hawarudi ujanani.

Moto huwaka usiku kucha. Kesho yake, Januari 17, ndiyo sikukuu yenyewe, na watu huenda misa huku rundo likiendelea kufuka uwanjani.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.