Mgonjwa wa kiharusi anayeshindwa kutawadha asikaripiwe, afundishwe

Katika nyumba zetu wapo wazee walionusurika na kiharusi. Mkono una nguvu, macho yanaona, na analoambiwa analielewa. Lakini akipewa kitana anakipeleka mdomoni. Akiwekewa birika la udhu anaanza na miguu, au analishika tu asijue aanzie wapi. Hapo ndipo maneno huanza: mara mzee amekuwa mkaidi, mara anadeka, mara ana jini.

Huo si ukaidi wala jini. Ni maradhi ambayo madaktari huyaita apraksia, na Mjerumani Hugo Liepmann aliyaeleza tangu mwaka 1900. Kiharusi kimeumiza sehemu ya ubongo inayopanga vitendo tulivyojifunza, mara nyingi upande wa kushoto. Ndiyo maana hata mkono wa kushoto usiopooza hukosea. Ajabu yake, mgonjwa akiamrishwa kupunga mkono anaweza kushindwa, lakini mgeni akiaga akapunga mwenyewe. Watu wa nyumbani husema anajifanya. Hajifanyi.

Wengine tunakosea kwa huruma. Tunamlisha, tunamvisha, tunamtawadhisha, tukidhani huko ndiko kuwatendea wema wazazi. Kumbe tunamnyima nafasi ya kujifunza. Mwaka 1998 Georg Goldenberg na Sonja Hagmann wa Ujerumani walieleza jinsi walivyowafundisha wagonjwa hawa kazi za kila siku, kama vile kuvaa fulana na kupaka siagi kwenye mkate. Walipowaangalia tena baada ya miezi sita, waliobaki na ujuzi ni wale walioendelea kuzifanya nyumbani. Tena, kujua kazi moja hakukumfanya mgonjwa ajue nyingine.

Kwa hiyo tiba kubwa iko mikononi mwetu wenye nyumba. Chagueni kazi anazozihitaji, mfundisheni moja moja. Kwa Muislamu, udhu unafaa sana, kwani hurudiwa kila siku kwa mpango ule ule. Tumieni mahali pale pale na birika lile lile. Kaa ubavuni kwake, shika mkono wake uuongoze hatua kwa hatua: viganja, kinywa, pua, uso, mikono, kichwa, miguu. Usingoje akosee ndipo umsahihishe. Akiimudu hatua, mwachie. Maneno yawe machache, na kukaripia kusiwepo. Asiachwe peke yake na moto, kisu wala maji ya moto.

Wakati anajifunza, dini yetu ni nyepesi: asiyeweza husaidiwa, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Mtume (S.A.W) ametufundisha kujitibu, na dua haizuii kwenda hospitali. Mkifika huko, msiulize dawa ya presha peke yake. Ulizeni pia wataalamu wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku.

Mzee aliyetufundisha sisi kutawadha tulipokuwa wadogo hakutuita wakaidi. Nasi tusimwite hivyo leo. Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.